Mikoko ya Lamu: Kukata si Dhambi, Kumaliza Ndiko Kunakotuponza

Ukiinua macho ndani ya nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, utaona boriti zimepangwa darini. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti, na ndiyo sababu vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba. Mikoko ndiyo iliyojenga mji ule.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya hekta 37,000 ziko Lamu. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Biashara hiyo ya nje ilifungwa na serikali mwaka 1982. Soko likabaki la hapa nchini: Mombasa, Malindi na miji mingine inayojenga.

Mkata mikoko huuza kwa korija, yaani miti ishirini, na bei hufuata unene. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Kila daraja lina kazi yake, kuanzia kuwamba ukuta wa udongo hadi kubeba dari.

Shida huanzia hapo hapo kwenye madaraja. Wanunuzi wengi wanataka mazio na boriti zilizonyooka. Basi hiyo ndiyo inayokatwa kila siku, na miti iliyopinda inabaki. Ukipita kwa mashua utaona msitu wa kijani, ukidhani ni mzima. Ukiingia ndani, mti wa kujengea huuoni, na mkataji analazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka.

Jambo la pili ni tabia ya mti wenyewe. Mchu ukikatwa huchipua tena. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu, shina lake likikatwa kwa kawaida hufa. Huzaliwa upya kwa mbegu zake ndefu zinazoanguka na kujichoma topeni. Ukikata yote, hakuna mama wa kuangusha mbegu. Matawi yakiachwa yametapakaa chini, mbegu chache zilizoletwa na maji hazipati pa kushika.

Hapo ndipo mvuvi anapoingia katika hesabu. Kamba, kaa koko, mkizi na samaki wengine wengi hukulia kwenye mizizi hiyo. Mikoko pia huzuia tope la mito lisifunike nyasi za bahari na matumbawe. Mkata mikoko na mvuvi mara nyingi ni wa nyumba moja. Anachopoteza mmoja hukosa mwenzake.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchi nzima, mikoko ikiwemo. Kwa Lamu amri hiyo ililegezwa baadaye, lakini wakati ule nyumba zilizotegemea shoka zililala njaa. Marufuku ya jumla humwadhibu mwenye leseni anayeonekana, huku anayekata usiku akiendelea.

Iko njia nyingine. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya kaboni. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Vanga nako wamefuata mfano huo. Lakini Lamu si Gazi. Msitu wake ni mkubwa mno, na watu wake wanaishi kwa kukata. Kaboni peke yake haiwezi kujaza mfuko wa kila mkataji.

Kwa hiyo leseni ifuate hesabu. Miti ihesabiwe kwanza kwa kila daraja, sehemu iliyokatwa ipumzishwe, miti mama iachwe, na matawi yaondolewe ili mbegu zipate njia. Sheria ya misitu ya 2016 inaviruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi. Wakata mikoko, wanaoijua kila mikondo, wawemo humo kama wasimamizi, wasiwe watu wa kukamatwa tu.

Tukishindwa, mjukuu atakayetaka kukarabati nyumba ya babu yake Lamu atanunua chuma, na samaki atanunua wa kwenye barafu.