Rangi ya Mchumba

Kwa miaka mingi pakiti za Fair & Lovely nchini India zilibeba kipimo cha rangi: vivuli vya ngozi vilivyopangwa kwa mstari, kutoka hudhurungi hadi karibu na weupe, ili mtumiaji alinganishe uso wake na kuona amepanda ngazi ngapi. Krimu hiyo iliingia sokoni mwaka 1975. Kipimo kiliondolewa mwaka 2019, na mwaka uliofuata jina likawa Glow & Lovely. Hakuna anayejipima hivyo bila kujua kuna mtu anayesubiri majibu, na katika familia nyingi za India, Pakistan na Bangladesh anayesubiri ni upande wa mchumba. Matangazo ya kutafuta wachumba magazetini yamezoea kutaja weupe wa binti sambamba na elimu, urefu na tabaka lake. Ninachoshikilia ni kwamba weupe huko una bei kwenye posa, na bei hiyo ndiyo inayoudumisha, ingawa sayansi imekwisha kuonyesha kwamba rangi ni ushahidi dhaifu mno wa ukoo wa mtu na haisemi lolote kuhusu thamani yake.

Binadamu wote tuna idadi inayokaribiana ya seli zinazotengeneza melanini. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini yenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza samaki wadogo wenye mistari walitambua kazi ya jeni iitwayo SLC24A5: badiliko dogo sana ndani yake hupunguza melanini kwa binadamu. Mwaka 2013 utafiti uliopima zaidi ya watu 1,200 wa kusini mwa India ulikuta kwamba badiliko hilo peke yake linaeleza takribani robo ya tofauti za rangi kati yao. Sasa fikiria wazazi wawili wa maji ya kunde, kila mmoja akiwa na nakala moja ya jeni iliyobadilika na moja isiyobadilika. Kila mtoto hurithi nakala moja kutoka kwa kila mzazi, kwa bahati tu. Dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wenye ukoo na tabaka lilelile, wanaweza kutofautiana rangi waziwazi. Aliye mweupe zaidi ataposwa mapema. Mwenzake mara nyingi ataambiwa afidie kwa shahada, au wazazi wake waongeze mahari, maana huko mahari hutoka upande wa binti, ingawa sheria ya India iliipiga marufuku tangu 1961.

Wapo wanaosema haya yote yaliletwa na Waingereza. Kuna ukweli ndani yake: Herbert Risley, msimamizi wa sensa ya India ya 1901, alitumia vipimo vya pua za watu kujenga hoja kwamba matabaka ni tofauti za kimbari. Lakini ukoloni haukuanza kwenye ardhi tupu. Kazi ya shambani juani ilikwisha kuhusishwa na watu wa chini, na weusi ukabebeshwa udhalili huo. Wakati huohuo mungu Krishna na malkia Draupadi wa hadithi za Kihindu wanasimuliwa kuwa weusi na wazuri kupindukia, kwa hiyo si kweli pia kwamba eneo hilo halijawahi kuona uzuri katika ngozi nyeusi. Wengine hujibu kwamba ni mapenzi ya mtu tu, mbona Wazungu huota jua? Huota, ndiyo, ila Mzungu aliyerudi kutoka likizoni bila kubadilika rangi haulizwi na wakwe.

Gharama ya bei hii inafika hadi kwenye figo. Zebaki inayotiwa katika baadhi ya krimu huzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, kisha hupenya ngozi na kuingia mwilini. Madaktari wa jimbo la Kerala, India, waliwachunguza wagonjwa 22 waliopatikana kati ya 2021 na 2023, ambao vichujio vya figo zao vilikuwa vikivuja protini. Kumi na watano walikuwa na aina moja adimu ya ugonjwa huo, na 13 kati ya hao walikiri kutumia krimu za kung'arisha ngozi. Wengi walipata nafuu walipoziacha. Anayeujua mkorogo wa kujichubua wa Dar es Salaam hatashangaa. Marufuku ya zebaki ni ya lazima, ila mteja atahamia kwenye krimu za steroidi zinazokondesha ngozi, kwa sababu posa bado inamsubiri. Ndiyo maana naipa uzito hatua ya mwaka 2020, pale tovuti ya ndoa ya Shaadi.com ilipoondoa kichujio cha rangi ya ngozi baada ya watumiaji kulalamika. Itasemwa kwamba picha bado zipo na macho yanaona. Ni kweli. Lakini anayetaka mke mweupe sasa hana kitufe cha kumsemea. Itabidi alitamke mwenyewe mbele ya wazazi wa binti, nao wana nafasi ya kumjibu.