Baiskeli ya Milimani Mtandaoni: Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Umeona baiskeli ya milimani kwenye simu. Picha ni kali, gia 21, breki za diski, na bei iko chini kuliko ya duka. Kidole tayari kiko kwenye kitufe cha kulipa. Ngoja kidogo, tupige hesabu pamoja.

Bei ya mwisho ni ngapi?

Tuseme mtandaoni ni KSh 18,500 na dukani ni KSh 21,000. Umeokoa 2,500, ama? Ongeza usafiri, tuseme 1,000. Halafu baiskeli nyingi mpya hufika ndani ya boksi kabla ya kuunganishwa: usukani, pedali na gurudumu la mbele bado. Fundi akikuitisha 800 kufunga na kuseti gia na breki, umebaki na faida ya 700. Ukiamua kujifungia, kumbuka pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Ukiilazimisha upande ule mwingine, utaiharibu.

Itakutosha?

Dukani unaikalia, unajaribu breki, unazunguka nayo kidogo. Mtandaoni unategemea namba. Usichanganye saizi ya gurudumu (inchi 26, 27.5 au 29) na saizi ya fremu. Fremu ndiyo inayofuata urefu wako. Tangazo lisipoitaja, uliza kabla ya kulipa. Fremu kubwa kupita kiasi haina dawa, hata ushushe kiti namna gani.

Kwa upande mwingine, mtandaoni kuna chaguo nyingi. Kama uko Lodwar au Garissa na unajua saizi yako, kuagiza kunaweza kuwa na maana kuliko nauli ya kuja Nairobi. Kama ni baiskeli yako ya kwanza na duka liko karibu, 700 ni pesa kidogo sana kwa kununua kitu hujakikalia.

Utalipa lini, na kwa nani?

Hapa tuongee ukweli. Huduma ya kurudisha pesa ni ya muamala uliotumwa kimakosa, kwa mfano ukikosea namba. Ukimtumia muuzaji kwa hiari yako, kisha alete baiskeli mbovu au asilete kabisa, hatuwezi kuzichukua tu kutoka kwa akaunti yake. Pengine hata ameshazitoa. Kwa hivyo:

- Lipa baada ya kufikishiwa, ukishafungua boksi na kuangalia fremu, rimu na breki.
- Lipa kwa till au paybill ya duka. Muuzaji akisema "tuma kwa namba yangu", uliza kwa nini.
- Soma jina linalotokea kwa skrini kabla ya kuweka PIN. Lisipolingana na la duka, ghairi.
- Weka meseji ya malipo, tangazo na mazungumzo yenu.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti akupe nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa kabla ya kufunga makubaliano. Kuuliza maswali ni haki yako, usione haya.

Na muuzaji akikuharakisha eti imebaki moja tu na lazima utume sasa hivi, iache iende. Baiskeli ziko nyingi. Pesa zako ndizo hizo tu.