Mafuta ya Breki: Kusukuma na Kulainisha

Juma hili tuzungumzie mafuta ya breki. Tuchukue mfano wa Kilangali, wilayani Kilosa, kwenye mashamba ya mpunga. Huko trekta na lori hufanya kazi bega kwa bega, na pengine fundi wao ni mmoja. Je, kopo la mafuta nalo liwe moja?

Wengi tunajua kwamba mafuta ya breki husukuma: dereva akikanyaga pedeli, nguvu ya mguu hupitia kwenye mafuta hadi magurudumuni. Kazi yake ya pili haisemwi sana. Ndani ya masta silinda mna pistoni na raba ambazo husugua ukuta wa chuma kila pedeli inapokanyagwa. Mafuta yasipolainisha, raba hulika, silinda huchubuka na mafuta huvuja. Siku moja pedeli huzama hadi chini, na gari halisimami.

Ulainishaji huo haupimwi kwa kusugua tone kati ya vidole, kama nionavyo mara nyingi gereji. Oili ya injini huteleza vizuri vidoleni, lakini huvimbisha raba za breki za magari ya kawaida. Kiwango namba 116 cha Marekani hutaka sehemu halisi za breki zifungwe kwenye mtambo, zisukumwe mara 85,000, huku joto likipandishwa hadi nyuzi 120 za Sentigredi. Kisha hufunguliwa na kukaguliwa. Kipenyo cha silinda na pistoni hakiruhusiwi kubadilika zaidi ya milimita 0.13, na raba zisiwe zimeharibika.

Fundi wetu hana mtambo huo, lakini majibu yake yako kwenye kopo: DOT 3 au DOT 4. Baadhi ya matrekta yana raba za aina nyingine, nayo hutaka mafuta ya jamii ya petroli. Ukiyahamishia kwenye lori, au ya lori ukayatia kwenye trekta hilo, umeua raba.

Basi, someni maandishi ya kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki. Nunueni kopo lenye lakiri, kwani DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. Yaliyomiminwa kwenye chupa ya soda yakataeni. Lori la mpunga liendalo Mikumi hubeba pia roho za watu.