Misonne: Mpigapicha aliyetukuza mwanga kuliko mandhari

KWA wapigapicha wengi, ukungu, manyunyu na jua linaloielekea kamera moja kwa moja ni kero ya kuepukwa. Kwa Léonard Misonne, Mbelgiji aliyeishi kati ya mwaka 1870 na 1943, hizo ndizo zilizokuwa malighafi ya kazi.

Misonne alizaliwa Gilly, karibu na mji wa Charleroi, eneo lililosifika kwa makaa ya mawe. Alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, lakini hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Alivutiwa na kamera angali mwanafunzi, na kuanzia mwaka 1896 akajitosa kikamilifu katika upigaji picha.

Nyakati hizo palikuwa na mjadala mkali: je, picha iliyotolewa na mashine yaweza kuitwa sanaa? Wapinzani walidai kuwa kamera hunakili tu kilicho mbele yake, haina moyo wala mkono wa msanii.

Waliopinga dai hilo ndio walioasisi mkondo wa upiktoriali. Walishikilia kuwa picha inaweza kubeba hisia kama ubeti wa shairi au mchoro wa rangi. Jijini London waliunda chama cha Linked Ring mwaka 1892, na mwaka 1902 Alfred Stieglitz akaanzisha kundi la Photo-Secession jijini New York.

Misonne alikuwa miongoni mwa waliokwenda mbali zaidi katika njia hiyo. Alikuwa na imani moja kuu: kinachopigwa picha si hoja, hoja ni mwanga unaokiangukia. Mchungaji na kondoo wake, barabara ya vumbi au miti kando ya mfereji ni mambo ya kawaida, ila yakipata mwanga ufaao hugeuka kuwa kitu kingine.

Siri ya mwanga

Mbinu aliyoipenda ni kulikabili jua badala ya kulipa mgongo. Jua likiwa nyuma ya miti au watu, wao huonekana kama vivuli vyeusi vilivyozungushiwa ukingo wa mwanga, na vivuli vyao hunyooka kumwelekea mtazamaji. Hapo picha bapa hupata kina.

Ukungu nao una kazi yake. Matone madogo ya maji yaliyotanda hewani huutawanya mwanga, hivyo kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo kinavyofifia. Mti wa karibu huwa mweusi, wa pili wa kijivu, na wa tatu karibu utoweke. Jicho husafiri hatua kwa hatua hadi upeo wa macho.

Ndiyo maana Misonne alipenda asubuhi na siku za mawingu ya dhoruba. Baadhi ya wapenzi wake walimlinganisha na Corot, mchoraji wa Ufaransa aliyesifika kwa mandhari yenye utusitusi.

Hata hivyo, kazi haikukamilika kamera ilipofumba jicho. Misonne alitumia mbinu ya bromoili, ambapo fedha iliyo kwenye picha huondolewa kwa kemikali na gelatini ya karatasi kuachwa ikiwa ngumu mahali palipokuwa na weusi.

Karatasi hiyo ikilowekwa, sehemu laini hufura kwa maji na kuukataa wino wa mafuta, ilhali sehemu ngumu huupokea. Msanii hupachika wino kwa brashi, akiongeza giza hapa na kuacha weupe pale. Baadaye Misonne alibuni mbinu yake mwenyewe aliyoiita mediobromu, iliyohusu kupaka rangi ya mafuta juu ya picha iliyokwisha kusafishwa.

Ukweli au udanganyifu?

Kizuri hakikosi ila. Wakosoaji waliuliza: ikiwa brashi imeingia, picha ingali ushahidi wa kilichokuwapo? Mwaka 1932 kundi la f/64 liliundwa California, likiwa na akina Ansel Adams na Edward Weston, kutetea picha kali isiyopakwa chochote. Mtindo wa akina Misonne ukaonekana kuwa wa kale.

Swali jingine ni zito zaidi. Mhandisi huyu aliyekulia penye makaa ya mawe alipata sifa kwa malisho na njia tulivu za mashambani, si kwa mashimo ya migodi. Yumkini wengine wataona humo ukwepaji. Lakini Misonne hakujinadi kama mwanahabari. Alichoahidi ni hisia ya saa fulani ya siku, na ahadi hiyo aliitimiza.

Wakati nao umeurudishia upiktoriali heshima. Mnamo Februari 2006, picha ya Edward Steichen ya mwaka 1904 inayoonyesha kidimbwi chini ya mbalamwezi iliuzwa mnadani jijini New York kwa zaidi ya Dola milioni 2.9 za Marekani, bei ambayo hakuna picha iliyokuwa imeifikia mnadani kabla yake.

Leo, mwenye simu anaweza kuongeza ukungu kwa kugusa kioo. Kwa Misonne, ukungu ulidai kuamka mapema na kungoja. Aidha, brashi yake ilikamilisha tu kile ambacho jicho lilikuwa limekwisha kukiona. Haikuchukua nafasi ya kutazama.