Mikono ya Mpiga Chapa

Siku za bamvua, bahari ikipwa, akina mama wa Uroa, mashariki ya Unguja, huteremka pwani kufunga mwani kwenye kamba. Huinama kwa saa nyingi, na awaonaye wakishika viuno hana haja ya kuwauliza kama kazi ile ni nzito. Lakini binti wa kijiji hicho hicho akipata kazi ya uhazili Mjini, watu husema, "Yeye kazi yake ni ya kukaa kitini tu." Sivyo. Mikono yake nayo huumia, ila maumivu yake hayaonekani.

Tazameni sababu. Mpango wa herufi uliomo katika kompyuta ulitoka katika mashine ya chapa ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kiwanda cha Remington mwaka 1874. Mashine ile haikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Hesabu herufi A katika mstari wowote wa lugha yetu, uone zilivyo nyingi! Na mpiga chapa aliyefunzwa huibonyeza A kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu. Tena, kibodi ya kawaida imenyooka, basi vifundo vya mikono hupinda kwa nje kutwa nzima.

Kwa hiyo wataalamu walibuni kibodi ya namna nyingine. Katika miaka ya 1970, Lillian Malt na Stephen Hobday wa Uingereza walitengeneza ya kwao. Mwaka 1994 kampuni ya Microsoft ikauza iliyogawanyika katikati, kila upande umeelekezwa kwa mkono wake, ili kifundo kikae kimenyooka.

Je, kuhama ni rahisi? La. Siku za kwanza vidole hupotea njia na kazi hupungua. Afadhali mtu aanze siku isiyo na kazi ya haraka, ajizoeze kidogo kidogo. Wala asidhani amenunua dawa: A iko pale pale, na kidole ni kile kile. Lazima apumzishe mikono mara kwa mara, aweke viwiko karibu na mwili, abonyeze kwa wepesi. Mambo haya hayana bei, hata asiye na fedha za kibodi mpya aweza kuyafanya.

Lakini akiamka usiku ana ganzi katika gumba, kidole cha shahada na cha kati, huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Huyo aende hospitali mapema, asingoje mpaka ashindwe kushika kikombe.

Basi mzazi, bintiyo akija likizo akalalamika kwamba hawezi kukuna nazi, usimwite mvivu. Muulize habari za mikono yake. Ndiyo iliyomlipia nauli ya kuja kukuona.