Kabati la Santuri: Kuzitunza Sauti Tulizorithi

Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri za HMV. Alifariki mwaka 1950. Sauti ile haiwezi kurekodiwa upya; kila santuri inayovunjika huwapunguzia warithi wake sehemu ya urithi.

Kwa hiyo familia iliyoachiwa santuri na gramafoni, hapa Babati au kwingineko, imeshika amana. Maadui wa amana hiyo ni joto, vumbi, unyevu na mchwa.

Santuri za zama zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu, lakini huvunjika kama sahani. Zile za plastiki zilizofuata hupinda kwa joto. Zote zisimamishwe wima, kila moja ndani ya mfuko wake. Zikirundikwa, za juu huzielemea za chini.

Seremala aelezwe mapema kwamba santuri 100 hufikia kilo 20 au zaidi. Rafu iwe ya mbao nene, yenye vigawanyo vya karibu karibu. Kabati liwe na milango ya kuzuia vumbi na miguu ya kuliinua sakafuni, mbali na jua la dirishani na ukuta wenye unyevu. Gramafoni ya mkono ilegezwe springi kabla ya kufunikwa.

Mwisho, juu ya kila mfuko liandikwe jina la mwimbaji na la mzee aliyeiacha santuri hiyo. Wajukuu watakapofungua kabati, wajue wamerithi sauti ya nani, na kutoka kwa nani.