Ladha ya Kuonja Mara Moja

Mwaka 2008 kampuni ya krispi ya Walkers, ya Uingereza, iliwaomba wateja wake wabuni ladha mpya. Yalifika mapendekezo zaidi ya milioni moja. Yalichujwa yakabaki sita, yakatengenezwa na kupelekwa madukani ili umma upige kura. Kulikuwa na pilipili na chokoleti, bata kwa mchuzi wa Kichina, bhajia za kitunguu, na hata kindi aliyekolezwa viungo vya Louisiana. Kindi mwenyewe hakuwemo, wala unywele wake. Iliyoshinda mwaka 2009 ni Builder's Breakfast, kifungua kinywa cha fundi ujenzi: mayai, bekoni na mchuzi wa nyanya, vyote ndani ya kipande chembamba cha kiazi. Mbunifu wake alipewa pauni 50,000 na kuahidiwa asilimia 1 ya mauzo. Mwaka uliofuata ladha hiyo iliondolewa sokoni. Asilimia 1 ya kitu kisichouzwa ni hesabu isiyohitaji mhasibu.

Kama lengo lilikuwa kupata ladha ya kudumu, mashindano yale yalikwenda upogo. Lakini tazama namna krispi zinavyotengenezwa. Zamani Waingereza walinunua krispi zikiwa na kijikaratasi cha chumvi ndani ya pakiti, kila mtu ajinyunyizie mwenyewe. Mwaka 1954 Joe Murphy alianzisha kampuni ya Tayto mjini Dublin, na hapo ndipo ladha ya jibini na kitunguu ilipoanza kutiwa kiwandani. Tangu wakati huo kazi imebaki ileile: kiazi kimoja, mafuta yaleyale, mashine zilezile, na mwisho wa safari unga wa ladha. Ukibadilisha unga, umepata bidhaa mpya. Soda nayo ni maji, sukari na gesi, na tofauti ya chupa na chupa ni rangi na matone machache. Kati ya vyote vinavyoingia kiwandani, ugeni ndio wenye gharama ndogo kuliko vingine.

Na faida yake ni mazungumzo. Mwaka 2003 kampuni ya Jones Soda ya Seattle ilitoa, kwa ajili ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, soda yenye ladha ya bata mzinga na mchuzi wake. Ilimalizika madukani haraka. Miaka iliyofuata zikaja seti za chupa: viazi vya kuponda, keki ya matunda, mpaka soda ya samaki wa kuvutwa moshi. Mtu aliweza kunywa karamu nzima bila kusumbua jino hata moja. Soda hizo zilinunuliwa ili mjomba achokozwe mezani na watu wapate la kusimulia. Chupa ya pili haikuwamo kwenye mpango.

Japani imeifanya biashara hii kwa utaratibu zaidi. Tangu mwaka 2000 KitKat imetoka nchini humo kwa ladha zaidi ya 300, zikiwemo chai ya kijani, mchuzi wa soya na wasabi. Nyingi huuzwa kwa muda mfupi, au katika mkoa mmoja tu. Hilo linaendana na desturi iliyokuwepo kabla ya chokoleti: Mjapani anayesafiri hutarajiwa kuwaletea jamaa na wafanyakazi wenzake kitu cha kula kutoka alikokwenda. KitKat ya wasabi ya Shizuoka ni zawadi kwanza na chakula baadaye. Anayeinunua hana haja ya kuipenda, kwa kuwa atakayeila ni mwingine.

Pepsi ya huko nayo imepita njia hiyo. Mwaka 2007 ilitolewa Pepsi ya tango, mwaka 2009 Pepsi ya majani ya shiso. Mwaka 2010 ikafika zamu ya Pepsi ya mbuyu. Nayo ilikuja kama zilivyokuja nyingine: toleo la muda, ladha ya mbali, ajabu ya msimu.

Hapa msomaji wa Dodoma, Kilifi au Unguja ana haki ya kukunja uso. Ubuyu, au mabuyu kama wanavyosema Wakenya, ni pipi ya nje ya geti la shule. Mbegu na ungaunga wake hupikwa kwa sukari, hutiwa rangi, iliki na pilipili kidogo, kisha hufungwa kwenye vipakiti vidogo. Anayekula hubaki na ulimi mwekundu, mate yamemjaa kwa ukali, na rundo la mbegu za kutema. Ukimwelezea mtu ambaye hajawahi kuuona, ni kitu cha ajabu kweli: tunda kavu kama chaki, chungu kidogo, chachu sana, tamu na lenye pilipili, ambalo sehemu kubwa ya ujazo wake haimezwi. Hakuna kikao cha mauzo ambacho kingepitisha wazo hilo.

Umoja wa Ulaya ulipoidhinisha unga wa ubuyu mwaka 2008, uliuweka katika kundi la vyakula vipya. Kwa sheria ya huko, chakula ni kipya kama hakikuwa kikiliwa kwa kiasi cha maana barani Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997. Vizazi na vizazi vya Wagogo wa Dodoma walioula havikuingia katika hesabu hiyo. Sheria haina kosa, maana kazi yake ni kulinda walaji wa huko dhidi ya vitu ambavyo miili yao haijavizoea. Lakini imeliweka wazi jambo ambalo matangazo hulificha: ugeni wa ladha hupimwa kwa mazoea ya anayeonja, na tunda halina habari kwamba ni geni.

Mazoea hayo hujengwaje? Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin alikwenda katika kijiji cha Wazapoteki nchini Mexico kuchunguza kwa nini watu hupenda pilipili, kitu kinachouma kinywa. Aliona kwamba watoto wadogo hawakulazimishwa. Walianza kwa kiasi kidogo, wakiwaona kaka na dada zao wakiila na kuifurahia, na baada ya miaka michache wakawa wanaitaka wenyewe. Nguruwe na mbwa wa kijiji hicho walikuwa wakila kila siku mabaki yenye pilipili. Walipopewa nafasi ya kuchagua, hawakuonyesha kuipenda. Kumbe kuzoesha ulimi pekee hakutoshi. Panahitajika watu wa kula nao.

Wafini wana ushahidi wao. Salmiakki ni pipi nyeusi ya mzizi wa likorisi iliyotiwa chumvi ya amonia, chumvi ileile inayotumika katika baadhi ya betri kavu. Asili yake ni dukani kwa mfamasia, kwenye dawa za kikohozi. Nchini Ujerumani, pipi za namna hiyo zikizidi asilimia 2 ya chumvi hiyo hutakiwa kuandikwa kuwa ni za watu wazima. Mgeni akiionja hutafuta pa kuitemea. Mfini aliyehamia mbali huomba aletewe. Salmiakki haihitaji kusubiriwa kwa hamu ya kupigwa picha. Ipo dukani mwaka mzima, kama sabuni.

Haya hayana maana kwamba kiwanda hakiwezi kutengeneza ladha ya kudumu. Stoney Tangawizi ni bidhaa ya Coca-Cola, kampuni kubwa kupita kiasi, na inawasha koo kiasi cha kumkohoza asiyeijua. Hata hivyo imekaa Afrika Mashariki miaka mingi bila kuhitaji kuonewa huruma. Ilikuta watu ambao tayari walikuwa wakinywa chai ya tangawizi nyumbani, na kutumia tangawizi hiyohiyo wanapopata mafua. Kazi ya kufundisha ulimi ilikuwa imekwisha kufanywa na akina mama, bila malipo.

Ladha ngeni kwa hiyo ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu mjadala. Ya kwanza ni ngeni kwa makusudi, na thamani yake huisha pale inapozoeleka. Kuidumisha ni kuiua. Ya pili ni ngeni kwa wapita njia tu. Wenyewe hawaioni ajabu yake mpaka mtu wa nje aikunjie uso.

Wajasiriamali wetu wanaoufunga ubuyu katika makopo yenye lebo wangefanya vyema kukumbuka wako upande gani. Wakitaka kuuza ugeni, watashindana na kampuni zinazoweza kubadilisha unga kila msimu na kusahau kesho yake. Huko Ulaya unga wa ubuyu sasa unauzwa kwa sifa ya vitamini C, ukichanganywa katika juisi za watu wanaojali afya. Biashara hiyo ni halali, na wakulima wanaouza mazao yao waendelee kuipokea. Ila kilichoombewa kibali ni unga mkavu. Sukari, iliki, pilipili na ule wekundu wa ulimi havikuwamo katika ombi, na hivyo ndivyo vinavyomrudisha mtoto kununua kipakiti cha pili.